Nilivyompiga Picha Kifutu kwa Lenzi ya Pasipoti

Tangu nirudi kutoka bondeni sijakunywa kahawa ya moto. Kila nikikaa kijiweni hapa Mazwi, Sumbawanga mjini, kikombe hakijafika mdomoni, mtu ananiuliza: Fundi, ilikuwaje? Nikimwanzia huyu, anatokea yule anataka mwisho, na wa tatu anaondoka na katikati anaipeleka Katandala akiongeza vyake. Nimesikia mpaka kwamba nilirudishwa kwa machela. Kwa hiyo nimenunua daftari kubwa, nimekaa chini, naandika mara moja tu, anayetaka kujua asome. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa madaktari wengi, na wenyewe nimeshawaambia.

Aliyenituma ni Yustina, mtoto wa dada yake mke wangu, nesi wa zahanati moja kule chini karibu na Ziwa Rukwa. Alikuja studio na bango la nyoka lililochorwa sijui nchi gani. Nyoka amesimama wima, ulimi nje, rangi zake kama kitenge kipya. Akaniambia watu wake wamelitazama bango hilo mwaka mzima, wamelizoea, kisha wakitoka nje wanamkanyaga kifutu. Kwa nini? Kwa sababu kifutu hasimami, wala hana rangi za kitenge. Analala mchangani, anafanana na mchanga, anamngoja panya, na mtu akipita hampishi. Msimu uliopita alipokea watu wawili walioumwa, na mmoja mpaka leo mguu haujanyooka. Sasa mavuno ya mpunga yanaanza, watu watashinda mashambani na kandambili. Alitaka picha ya kifutu wa huko huko, ili watu wajifunze kumwona kabla hawajashusha mguu.

Wenzake walimwambia asihangaike na fundi, siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha. Hapo damu ikanipanda. Nikamwambia, "Mwanangu, simu inapiga chochote kilichoko mbele yake. Mimi nampiga mtu mpaka mama yake anasema, kweli huyu nilimzaa mimi."

Nimepiga mapadri, nimepiga maharusi wasiohesabika, nimepiga mapacha wa Msanzi ambao baba yao hawatofautishi, kwenye picha yangu akawatofautisha. Nyoka atanishinda nini? Tatizo lilikuwa moja. Lenzi yangu ndefu ilikanyagwa na mjomba wa bwana harusi aliyekuwa anacheza kinyumenyume. Iliyobaki ni fupi, ile ya pasipoti, nayo haivuti. Mteja lazima awe karibu yangu, hatua moja na nusu. Kwa binadamu huo ni umbali wa adabu. Kwa kifutu sikuwa nimeuliza.

Mazwi hadi Ntendo

Usafiri ulikuwa wa Salumu, rafiki yangu wa tangu tunaota meno, ambaye familia yao ina duka la vyombo mjini na Canter moja inayoshusha sufuria bondeni na kupandisha mpunga. Alikubali kunichukua kwa sharti moja: neno nyoka lisitamkwe ndani ya gari lake. Baba yake hakulitamka safarini, babu yake hakulitamka, na wote walifia kitandani. Tukaafikiana tumwite mteja.

Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, tukaondoka saa saba mchana. Turubai la Canter lilikuwa limeazimwa kwenye msiba mtaa wa pili, na huwezi kuingia msibani ukavua turubai waombolezaji wakabaki juani. Tukakaa. Kukaa tu bila kula ni dharau, tukala ugali na maharage. Kula na kuondoka ni dharau kubwa zaidi, tukangoja sala. Halafu shangazi wa marehemu akanikumbuka kuwa mimi ndiye niliyepiga picha iliyowekwa juu ya jeneza, akataka niwapange ukoo mzima niwapige. Nikawapanga. Ilitoka nzuri sana, hilo siwafichi.

Ilikuwa baridi ile ya kipupwe mnayoijua. Nilivaa sweta mbili na juu yake koti la mtumba linalofika magotini. Ntendo tukamchukua mama mmoja mwenye kuku wanne kwenye tenga, akabanana nasi mbele. Akaniuliza naenda wapi na kamera, nikamwambia kuna mteja wangu bondeni. Akauliza anaishi kijiji gani, nikasema sijui, popote penye mchanga. Akauliza kama ni wa picha za kusimama au za kukaa, nikasema huyu hulala tu. Mama akamgeukia Salumu, akamwambia kwa huruma kwamba hata shemeji yake alikuwa hivyo, pombe ilimmaliza. Salumu akasema inna lillahi, akaongeza gia.

Mteremko wa Lyamba lya Mfipa

Mnaujua ule mlima. Nchi inakatika ghafla kama kitanda, na ziwa liko kule chini linameta. Salumu alisimamisha gari kabla ya kona ya kwanza akatangaza, bila aibu hata kidogo, kwamba breki zipo lakini zinapenda kusaidiwa. Wanaume tushuke, kila mmoja ashike jiwe, tutembee sambamba na magurudumu. Wanaume tulikuwa wawili, mimi na jamaa aliyekuwa juu ya mzigo.

Nikashuka Lyamba lya Mfipa kwa miguu, kamera shingoni, jiwe kifuani kama mtoto mchanga. Joto la bonde likaanza kunipandia. Kona ya pili nikavua koti, nikalitupa garini. Kona ya nne sweta ya kwanza. Kona ya sita, sweta ya pili ilipokuwa imenifunika kichwa, nikasikia Salumu anaita, "Jiwe! Jiwe, Fundi!" Nikatupa jiwe bila kuona, na likaingia nyuma ya gurudumu sawasawa kama limechongewa pale. Jamaa wa juu ya mzigo anasema gari lilikuwa limeshasimama lenyewe. Yule alikuwa anaangalia upande mwingine.

Tulifika chini jua limeanza kushuka. Tukala wali na kambale wa kukaanga kwa mama lishe mmoja ambaye mkono wake sitausahau. Salumu hakukaa mpaka alipoinama kutazama chini ya meza, chini ya benchi, na ndani ya ndoo ya kunawia. Mama lishe akamuuliza amepoteza nini. Akajibu, "Sijapoteza, mama. Nahakikisha sipati."

Mchanga wa ziwani

Kesho yake Yustina alikuwa kwenye chanjo vijiji vya mbali, kwa hiyo nikaanza kazi bila yeye. Nilimpata Masanja, mfugaji wa Kisukuma anayechunga ng'ombe pale maji ya ziwa yaliporudi nyuma yakaacha uwanda wa mchanga, mkavu, mweupe, hauna hata kivuli cha kumficha sisimizi. Nikajiambia mahali kama hapa mteja hawezi kujificha. Tulitembea toka asubuhi mpaka saa sita, mimi nikakanyaga kila mahali. Masanja alikuwa nyuma yangu. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba nimempita kifutu mara mbili, na mara ya kwanza nilimruka kwa sababu nilikuwa naruka kinyesi cha ng'ombe.

"Sasa mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilidhani umemwona, mzee. Ulikuwa unaeleza namna ya kumwona."

Akanionyesha kwa fimbo. Nikatazama. Mchanga. Akasogeza fimbo. Mchanga. Akamgusa kidogo, na ule mchanga ukafutuka, ukatoa pumzi ndefu yenye hasira. Salumu alikuwa ameegesha mbali kidogo. Kusikia ile sauti akashuka, akazunguka gari lake akipiga tairi moja moja teke, na baada ya kumaliza sita akatupungia mkono kwamba hakuna pancha.

Hapa ndipo nilipofanya kazi ya kitaalamu, na naiandika kama ilivyokuwa. Mimi simpigi mtu mbele ya takataka. Mteja hata akija na gunia, nyuma yake naweka kitambaa cha bluu, na uso unatoka. Nilikuwa nimekuja nacho. Nikakitandaza mchangani, nikakinyoosha mikunjo, Masanja akamwinua kifutu kwa fimbo ndefu akamlaza katikati. Alionekana huyo! Kila gamba, kila alama, macho yote mawili. Nilipiga kwa hatua moja na nusu, nikapiga ubavu, nikapiga juu, na kwa kuwa kichwa alikilaza upande nikamwomba Masanja amnyooshe kidogo. Masanja akanitazama, akaniambia hiyo kazi aifanye mwenye studio. Tukamwacha na kichwa upande.

Nilirudi naimba.

Zahanati, mara ya kwanza

Yustina alitazama picha kwenye kioo cha kamera, moja baada ya nyingine, kisha akairudia ya kwanza. Nikamsaidia. Nikamwambia katika maisha yangu sijapiga pasipoti safi kama ile, yule nyoka angeweza kuvuka mpaka wa Kasesya akaingia Zambia.

"Baba mdogo, ni nzuri sana," akasema. "Lakini watu wangu hawamkanyagi kifutu aliye juu ya kitambaa cha bluu."

Nikamwuliza anataka nini basi. Akasema alinieleza mjini, sikuwa nasikiliza, nilikuwa namwonyesha picha za maharusi. Anataka nyoka alivyolala. Kama mpita njia anavyomkuta. Nikamwambia akilala hivyo haonekani, na mimi siwezi kuweka jina langu kwenye picha ambayo mteja haonekani, watu watasema Fundi kazeeka. Hapo mtoto yule akaniangalia kwa macho ya mama yake, yale ambayo mke wangu pia anayo, mnayafahamu.

"Juma lijalo wanaingia mashambani. Nikiwapa hii, watatafuta nyoka wa bluu."

Sikulala vizuri, nakiri. Picha ningekuwa nayo ya kujivunia Mazwi nzima, na huku chini mtu angekanyaga kama kawaida. Asubuhi nikamwambia Salumu tunarudi kazini. Akaniuliza kama mteja ameikataa picha. Nikamwambia mteja kairidhia, kaikataa mwenye zahanati.

Kwa Bibi Skola

Yustina alituelekeza kwa Bibi Skola, mjane anayeishi peke yake pembeni ya mashamba ya mpunga, mwendo wa saa nzima kwa gari. Penye mpunga pana panya, penye panya ndipo wateja wanapohamia, na huyu bibi amekaa nao tangu ameolewa, hajaumwa hata siku moja.

Tulimkuta mkekani anapepeta. Salumu alibaki garini, vioo juu, ingawa joto lilikuwa la kuoka mkate. Nikashuka na kamera shingoni, kandambili miguuni. Nilipofika karibu na lundo la pumba na mabua nikachuchumaa. Mimi ni Mfipa, mtu mzima simsalimii nikiwa wima kama mlingoti. Nikakutanisha viganja, nikapiga makofi mepesi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka wapi?"

"Sumbawanga mjini, Mazwi."

"Mazwi hawajambo?"

"Hawajambo, bibi."

"Mahindi mmevuna?"

"Tumevuna, tunashukuru."

"Mguu wako wa kulia uache hapo hapo. Mkeo hajambo?"

Nilishajibu hajambo ndipo maneno ya kwanza yaliponiingia. Viganja vikagandana.

"Mikono iweke magotini, polepole," akasema, na ungo wake bado unacheza. "Watoto wangapi?"

"Watano. Bibi, yuko wapi?"

"Nimekuuliza watoto. Wote wanasoma?"

"Wanasoma, bibi."

"Endelea kuitikia. Ukinyamaza utamtafuta, ukimtafuta utaruka, ukiruka utatua juu yake."

Jamani, nimesalimiana na watu maishani. Sijawahi kusalimiana vile. Bibi aliulizia mama mkwe, akaulizia paroko, akaulizia mvua ya mwaka juzi. Akauliza nina ng'ombe wangapi, nikasema sina. Akashangaa, mwanaume mzima hana ng'ombe. Nikamwambia nina studio. Akauliza inazaa? Magoti yalikuwa yanaungua, jasho linanichuruzika mpaka kwenye kamera, na mimi naitikia tu, ndiyo bibi, hapana bibi, alifariki bibi, tumshukuru Mungu bibi.

Mwisho nikakumbuka nimekuja kufanya nini. Nikamwomba ruhusa ya kupiga. Akasema mikono yangu si ninayo, niinyanyue kama ninayemhamisha mtoto aliyelala.

"Nielekeze wapi, bibi?"

"Unaona bua lililovunjika? Mbele yake kidogo, upande wa jua."

Niliona bua. Niliona pumba, majani makavu na mchanga. Mteja sikumwona. Mimi, mwenye jicho hili, nilikuwa napiga kitu nisichojua kiko wapi, kwa kuambiwa tu, kama kipofu anayeuza mitumba. Nikapiga moja. Bibi akauliza shangazi zangu wako wangapi. Nikapiga nyingine. Ya tisa nikainamisha kamera chini kidogo kwa makusudi, msisikilize wanaosema nilitetemeka.

"Sasa anaondoka," akasema bibi.

Ndipo nikamwona. Kipande cha ardhi, kinene kama mkono wangu, kilijivuta kimyakimya kama kiwavi, kimenyooka, hakina haraka na mtu. Kikaingia kwenye mabua, na mabua hayakutikisika. Bibi akaniambia nirudi nyuma, nikianza na mguu wa kushoto. Mguu wa kushoto haukuwepo, ulishakufa ganzi, wa kulia vilevile. Nikalala chali jinsi nilivyo, kamera juu mikononi, haikugusa chini. Hiyo ndiyo machela mnayoisikia: Salumu na bibi walinishika mabegani wakaniburuza mpaka mkekani. Salumu alishuka garini, namshukuru kwa hilo, ila alikuja amevaa sufuria mbili za dukani kwao miguuni.

Bibi akatuletea wali. Akasema sasa tumesalimiana, tuambie shida yenu.

Zahanati, mara ya pili

Zahanati ina televisheni ukutani ya mafunzo ya afya. Yustina akaunganisha kadi ya kamera, picha ya tisa ikajaa kioo kizima. Watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa kama ishirini, kinamama na watoto mgongoni, wazee, na wavunaji waliofuata dawa kabla ya kuingia shambani. Akawauliza wanaona nini.

Wakasema pumba. Mmoja akasema bua. Mwingine akauliza kama zahanati imeanza kutoa pembejeo.

Yustina akanigeukia mimi mwenye picha, niwaonyeshe. Nikasimama, nikakohoa, nikaweka kidole kwenye kioo. Mama mmoja wa mbele akasema, "Baba, hapo ni ganda la mhogo." Nikahamisha kidole. Hapo nako palikuwa jani. Ukumbi ukaanza kucheka, na mimi masikio yakawaka moto, maana kweli sikuwa najua. Nimewapiga picha watu miaka yote hii, na wa kwangu huyu siwezi kumtambua.

Kisha yule mama wa ganda la mhogo akaacha kucheka. Akasogea mbele. "Macho," akasema. "Yale ni macho."

Akaonyesha. Mbele ya bua, upande wa jua. Na macho yakishaonekana, kichwa kikaja, kichwa kikaja na shingo, mwili wote ukajikunja kutoka kwenye pumba kana kwamba mtu anautia rangi. Kicheko kilikwisha. Watu walisogea, walioona wakawaonyesha wasioona, na kila aliyeona alivuta pumzi namna ileile.

Salumu alikuwa mlangoni, alikuja kuniambia mpunga umeshapakiwa. Akatazama kioo, akatazama tena.

"Na yule wa kwenye kandambili yako je?"

Pembeni ya picha, chini, pale nilipoinamisha kamera, kilikuwepo kidole gumba changu cha mguu wa kulia. Na kando ya kidole, kwa kiasi cha ganda la kiberiti, mchanga ulikuwa na macho mengine.

Walikuwa wawili. Bibi Skola alinionyesha wa mbali nimpige, wa karibu akamfunika kwa salamu.

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa. Yustina akaniletea maji, akaniambia, "Baba mdogo, weka jina lako hapo chini. Andika kubwa." Nikamwambia aandike na la bibi, maana mimi nilibonyeza tu. Hilo nalisema hapa daftarini, kijiweni msitegemee kulisikia.

Foleni ilipoisha watu waliondoka kwa ile njia ya mchanga inayokwenda vijijini. Canter yetu ilikuwa nyuma yao na hatukuweza kuwapita, kwa sababu hakuna aliyetembea haraka. Walikuwa wamepanga mstari mmoja, vichwa chini, kila mguu ukiulizwa kabla ya kushushwa. Salumu hakupiga honi. Mbele kabisa mzee mmoja alisimama ghafla, mguu mmoja hewani kama korongo, na mstari wote ukasimama. Akainama, akatazama kwa muda.

Ilikuwa kamba ya mbuzi iliyokatika.

Hakuna aliyecheka. Mzee akaushusha mguu wake pembeni, akaizunguka. Wa nyuma yake akaizunguka, na yule mama na mtoto wake mgongoni, mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Tulipofika pale Salumu akakata usukani, akaizunguka na yeye.